Haditeli ya Njia za Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kabla ya Kununua

Maswali haya nimeulizwa langoni Karura, kwenye foleni ya chai Limuru, na kwa simu usiku na mtu aliyesimama mbele ya muuzaji, pesa mfukoni, asijue la kufanya. Majibu ni ya mtu anayeishi Uthiru na kuendesha wikendi, aliyewahi kununua vibaya mara mbili kabla ya kununua vizuri. Ninataka pesa zako ziende mahali zinapostahili, kwa sababu nimeona watu wengi wakiacha mchezo huu mzuri baada ya miezi miwili kwa kosa la baiskeli, wakidhani kosa ni la miguu yao.

Haditeli ni baiskeli gani hasa?

Ni baiskeli ya milimani yenye foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kunyonya mshtuko, lakini nyuma haina springi yoyote. Fremu imeungana moja kwa moja na gurudumu la nyuma. Mafundi wengi wataielewa ukisema "maunteni ya springi ya mbele tu".

Kwa nini nisinunue yenye springi mbele na nyuma? Si ndiyo raha zaidi?

Ikiwa ni nzuri, ndiyo, ni raha. Lakini baiskeli ya springi mbili iliyo nzuri hugharimu mara kadhaa ya haditeli nzuri, na ile ya bei rahisi ni mzigo: nyuma inanesa kila unapokanyaga pedali, nguvu zako zinaishia kwenye springi badala ya barabara. Kisha kuna matunzo. Ile fremu ina viungo vinavyocheza, kila kiungo kina beringi, na vumbi letu jekundu halina huruma na beringi. Ile shoki ya nyuma inahitaji kufunguliwa, kubadilishwa sili (raba za kuzuia mafuta na hewa visivuje) na kujazwa hewa na mafuta kwa vipimo. Mafundi wanaoifanya kazi hiyo vizuri Nairobi ni wachache, na sili zenyewe mara nyingi huagizwa kutoka nje.

Haditeli inaweza kutunzwa na fundi wa mtaani mwenye akili na spana safi. Kwangu hilo peke yake linamaliza mjadala kwa anayeanza.

Njia za Nairobi zinadai nini?

Swali hili ndilo lingetakiwa kuulizwa la kwanza, kabla ya rangi na kabla ya idadi ya gia. Nairobi imekaa kwenye mpaka wa udongo wa aina mbili. Upande wa kaskazini na magharibi, yaani Karura, Kiambu, Kikuyu na Limuru, ni udongo mwekundu. Upande wa Lang'ata ya chini, Embakasi, Athi River na Kitengela ni udongo mweusi wa pamba. Ukipanda kuelekea Ngong unakutana na mawe.

Karura ni shule nzuri kuliko zote. Msitu una zaidi ya hekta 1,000, njia zimekauka vizuri wakati wa kiangazi, makutano yana vibao vya namba, na hata mgeni hapotei kwa muda mrefu. Vikwazo ni mizizi, vijimwinuko vifupi vikali, na kona zenye majani makavu. Njia nyingine ni za waenda kwa miguu peke yao, kwa hiyo soma vibao na upunguze mwendo unapoona familia. Haditeli yoyote yenye foki inayoweza kuzama milimita 100 inatosha huku. Siwezi kuuandika msitu huu bila kukumbuka kwamba tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imenyakuliwa. Kila ninapoinama kwenye kona chini ya miti ile najua nani alilipia kivuli hicho.

Msitu wa Ngong Road, ule uliokatwa na barabara ya Southern Bypass, una njia tambarare zaidi, lakini sehemu zake zina udongo mweusi. Mvua ikinyesha, utaujua.

Milima ya Ngong ni jambo jingine kabisa. Kilele chake kirefu kinafika mita 2,460, na kutoka lango la mitambo ya upepo unapanda na kushuka kilele baada ya kilele kuelekea Kona Baridi. Kuna nyasi, mawe yaliyolegea, njia za ng'ombe zilizochimbwa na mvua, na upepo wa ubavuni unaoweza kukusukuma hatua nzima. Huko breki na gia nyepesi ndizo zinazokurudisha nyumbani. Nenda na kundi, na uulize askari wa misitu langoni hali ya njia.

Limuru, Tigoni, na juu zaidi Kereita karibu na Kimende, ni baridi, ukungu, barabara za majani chai na utelezi. Ukishuka upande wa Magadi, au ukienda Hell's Gate kule Naivasha ambako baiskeli huruhusiwa kati ya pundamilia na twiga, adui yako ni miiba ya migunga na mchanga.

Sasa jiulize kwa ukweli: utaendesha wapi mara 8 katika kila 10? Nunua kwa ajili ya huko. Mtu wa Kasarani atakayekwenda Karura kila Jumapili na Ngong mara moja kwa mwaka hahitaji baiskeli ya Ngong.

Foki ya aina gani? Muuzaji anasema zote ni sawa.

Hazifanani hata kidogo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kuna foki ya springi ya chuma na kuna foki ya hewa. Ya springi imetengenezewa uzito wa wastani. Mtu wa kilo 55 ataiona ngumu kama gogo, wa kilo 95 ataizamisha mpaka mwisho kwenye jiwe la kwanza. Ya hewa unaijaza kwa pampu ndogo maalumu ya shinikizo kubwa mpaka ilingane na mwili wako. Njia ya kupima ni hii: funga uzi au kipande cha raba kwenye mguu wa foki unaong'aa, kaa juu ya baiskeli na mzigo wako wote bila kuruka, kisha shuka taratibu. Kama foki ina safari (umbali inaoweza kuzama) ya milimita 100, raba iwe imesukumwa kati ya milimita 15 na 25. Ikizidi hapo, ongeza hewa. Ikiwa pungufu, toa.

Jambo la pili ni jinsi foki inavyorudi. Ibonyeze kwa nguvu halafu achia. Foki mbaya hurudi kwa kishindo kama kitanda cha springi; hiyo itakutupa mikono kwenye mawe ya Ngong. Nzuri hurudi kwa utulivu, na mara nyingi ina kitufe chini ya mguu wa kulia cha kurekebisha mwendo huo.

Jambo la tatu: soma vibandiko. Baadhi ya foki za bei ya chini zina onyo la mtengenezaji mwenyewe kwamba zisitumiwe kwenye njia mbaya au kurukia. Nimeiona kwenye baiskeli iliyopambwa picha za milima fremu nzima.

Safari ya foki, milimita 100 hadi 120, inatosha Nairobi yote. Ukitaka kukimbia mteremko wa Ngong kila wiki, 130. Zaidi ya hapo unabeba uzito usio na kazi. Tena nasema bila kusita: bora baiskeli yenye foki ngumu isiyonesa kabisa, nyepesi, kuliko foki feki ya springi yenye kilo za bure. Ile ngumu haitakudanganya.

Kabla hujaondoka foki, tazama shingo ya fremu pale inapopita. Fremu za kisasa zina shingo pana chini kuliko juu: inchi 1 na 1/8 juu, inchi 1 na nusu chini. Za zamani ni nyembamba juu mpaka chini. Foki nzuri za hewa za shingo nyembamba zinazidi kuadimika, kwa hiyo ukinunua fremu ya shingo pana umejiachia mlango wa kubadilisha foki siku pesa zikipatikana. Ni kitu kidogo, na hakuna muuzaji atakayekutajia.

Gurudumu la 26, 27.5 au 29?

29, isipokuwa wewe ni mfupi wa chini ya mita 1.6 hivi, hapo 27.5 inakaa vizuri zaidi. Gurudumu kubwa linapita juu ya mizizi ya Karura badala ya kutumbukia kati yake.

26 bado zimejaa kwenye mitumba na nyingine ni baiskeli nzuri sana za wakati wake. Tairi zake za kawaida na tyubu utazipata mtaani, lakini tairi zenye ubora wa njia za milimani zinapungua kila mwaka. Ukipata moja safi kwa bei nzuri, ichukue ukijua hivyo.

Nitajuaje saizi yangu? Muuzaji anashusha kiti tu na kusema "inakutosha".

Kiti kinashuka na kupanda, fremu haibadiliki. Kwa jumla ndogo ni ya watu wa sentimita 155 hadi 168, ya kati 168 hadi 178, kubwa 178 hadi 188, ingawa kila kampuni ina jedwali lake na ni vizuri kulitafuta kwa jina la modeli kabla ya kutoka nyumbani.

Ukiwa mbele ya baiskeli, fanya mambo mawili. Simama juu ya bomba la juu, miguu yote chini: kuwe na nafasi ya angalau sentimita 5. Halafu simama kwenye pedali, zikiwa usawa mmoja, magoti yamekunjwa kidogo, kama unavyoshuka mteremko. Ukihisi usukani uko karibu na magoti, fremu ni fupi. Ukihisi umenyooshwa kama nguo kwenye kamba, ni ndefu. Kosa la kawaida hapa kwetu ni kununua kubwa kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa hivyo; maumivu ya mgongo niliyodhani ni ya ofisini yalikwisha wiki nilipoiuza.

Gia ngapi? Nimeona ya 27 na nyingine ya 10, na ya 10 ni ghali zaidi!

Idadi haikwambii kitu. Angalia meno ya gia nyepesi kabisa, ile ndogo mbele na kubwa nyuma.

Chukua gurudumu la 29, ambalo likizunguka mara moja linasonga kama mita 2.3. Baiskeli ya zamani ya gia tatu mbele, yenye meno 22 mbele na 34 nyuma, inakusogeza kama mita 1.5 kwa kila mzunguko wa pedali. Ya kisasa ya gia moja mbele, meno 32 kwa 51, inakusogeza mita 1.44, karibu sawa. Lakini kuna zile zilizo katikati, 32 mbele na 42 nyuma, ambazo ni mita 1.75. Tofauti hiyo ya sentimita 25 utaihisi kifuani kwenye mwinuko wa kwanza wa Ngong. Ukipenda baiskeli ya namna hiyo, muulize fundi kama mbele panaingia gia ya meno 28 au 30. Mara nyingi panaingia, na ni badiliko la bei ndogo.

Gia moja mbele ninaipenda kwa sababu ya matope: vitu vya kukwama ni vichache, na mnyororo hauruki. Ila gia tatu zilizotunzwa si aibu, hasa kwa anayesafiri kwa lami kwenda msituni.

Kitu cha kukagua kuliko idadi ya gia ni kama nyuma pana friwili au kaseti. Friwili ni lile fungu la gia za nyuma linalozungushwa kama skrubu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kawaida la gia 6 au 7. Ekseli yake inabebwa na beringi iliyo mbali na ukingo, kwa hiyo mtu mzito akirukaruka kwenye mawe inapinda au kuvunjika. Kaseti ni fungu linaloingizwa kwenye habu ambayo beringi yake iko karibu na fremu, na inastahimili. Gia 8 kwenda juu huwa ni kaseti, ingawa zipo friwili za gia 8 na 9 pia, kwa hiyo mwombe fundi akuthibitishie. Kwa njia za msituni mimi singenunua friwili, hata kwa bei ya kutupa.

Breki: za mafuta au za waya?

Za diski, hilo kwanza. Breki za raba zinazobana rimu hufa ukiingia matopeni, na mchanga unaosagwa kati ya raba na rimu unakula rimu yenyewe.

Kati ya mafuta na waya, ninachagua mafuta kwa yeyote atakayeshuka Ngong. Kidole kimoja kinatosha, mkono hauchoki, na unaweza kupima nguvu kidogokidogo kwenye changarawe bila gurudumu kufunga. Mchezo huu wenyewe ulizaliwa na shida ya breki: huko Marin, California, Oktoba 1976, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya ndani ya habu, ile ya kurudisha pedali nyuma. Joto lilichoma grisi yote mpaka habu ikatoa moshi, na baada ya kila mteremko walilazimika kuipaka upya. Mashindano yakaitwa Repack, kupaka upya. Mteremko mrefu ni tanuri. Breki dhaifu haina mahali pa kupeleka joto.

Uliza mafuta ya aina gani. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, ya jamii ile ya breki za magari. Hayachanganywi: ukiweka ya gari kwenye Shimano, sili zinavimba na breki imekwisha. Nimeona ikifanyika, fundi akiwa na nia njema kabisa. Nunua chupa yako ndogo na uende nayo.

Breki za waya zilizo nzuri ni sawa kwa Karura na kazini, na kebo inapatikana kila kiosk cha baiskeli. Diski ya mbele ikiwa ya milimita 180 badala ya 160, vizuri zaidi kwa mtu mzito.

Na hili tafadhali lisikupite: jua mkono upi unashika gurudumu lipi. Baiskeli zilizotoka Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia. Za Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya, mkono wa kushoto. Mitumba yetu inatoka kote. Zijaribu kwenye uwanja tambarare kabla hujazijaribu kwenye mteremko.

Tairi za aina gani, na miiba je?

Upana wa inchi 2.2 hadi 2.4, zenye meno yaliyoachana ili matope yatoke. Tairi ya meno yaliyobanana inateleza kama sabuni kwenye udongo mwekundu uliolowa.

Ikiwa unatumia tyubu na una kilo 75 hivi, anzia 28 hadi 32 psi (kipimo cha shinikizo la hewa). Wengi hapa hujaza 50 kwa sababu mtu wa pancha alibonyeza kidole na kusema bado, kisha wanalalamika kwamba baiskeli inaruka na haishiki kona. Ukishuka chini mno nayo, rimu inabana tyubu kwenye jiwe na unapata matundu mawili kama yaliyong'atwa na nyoka.

Kwa Karura tyubu zinatosha. Kwa Kitengela, Magadi na Hell's Gate, ambako miiba ya migunga na mbigili imetawanyika hadi njiani, toa tyubu, tia utepe wa kuziba kwenye rimu, valvu yake, na maji ya kuziba matundu. Mwiba ukiingia, maji yanauziba ukiwa bado unaendesha. Hali hiyo unaweza pia kushusha shinikizo mpaka 22 au 25. Maji hayo hukauka. Tikisa gurudumu kila baada ya miezi miwili na usikilize kama bado yanacheza.

Valvu nayo: valvu nene, kama ya gari, inajazwa kwa kila mtu wa pancha kando ya barabara. Valvu nyembamba inahitaji kichwa kidogo cha shaba cha kubadilishia. Kinagharimu kidogo sana. Weka kimoja kwenye valvu na kingine mfukoni.

Mpya dukani au mtumba kutoka nje?

Kwa pesa ileile, mtumba uliokaguliwa vizuri hushinda mpya karibu kila mara. Yangu ya sasa ni mtumba wa shilingi 42,000, foki ya hewa na breki za mafuta. Mpya zilizokuwa dukani kwa bei hiyo zilikuwa na foki ya springi na friwili. Lakini neno ni "uliokaguliwa". Nenda mchana, nenda na kitambaa, na usiwe na haraka.

Pangusa fremu mahali bomba la chini linapokutana na shingo, na chini pale pedali zinapozungukia. Ufa huanzia hapo, mwanzoni ukionekana kama unywele au mkwaruzo wa rangi. Ukiuona, ondoka, hata ukipewa bure. Rangi iliyopulizwa upya sehemu moja tu pia ni sababu ya kuuliza.

Pangusa miguu ya foki inayong'aa. Mkwaruzo unaoshika ukucha utakata sili. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: mgongano mkononi maana yake ni beringi za shingo au foki iliyolegea. Zungusha magurudumu yakiwa hewani utazame kama yanayumba. Shika kila breki kwa nguvu na uendelee kushika; mkono wa breki ukizama taratibu mpaka usukanini, inavuja au ina hewa.

Chukua rula ya inchi kwa mnyororo. Pingili 12 kamili, yaani jozi 12 za kipande cha nje na cha ndani, kutoka pini hadi pini, ziwe inchi 12 sawasawa. Zikizidi kwa 1/16, mnyororo unabadilishwa. Zikizidi kwa 1/8, kaseti nayo imeshaliwa na utalipia vyote viwili. Huo ni mjadala wa bei, na rula haibishani na mtu.

Mwisho, geuza baiskeli usome namba iliyochongwa chini ya fremu pale pedali zinapozungukia, na udai risiti yenye namba hiyo na jina la muuzaji. Baiskeli zinaibwa mjini hapa. Muuzaji asiyetaka kuandika namba hajakunyima karatasi tu, amekuambia jambo.

Nina elfu 30 tu. Nifanye nini?

Tenga elfu 5 au 6 kwanza kwa fundi, mnyororo, na tairi moja. Zilizobaki tafuta mtumba wa kawaida wa kampuni inayojulikana, fremu nzima, saizi yako, breki za diski, kaseti. Usitafute foki ya hewa kwa bei hiyo, utaletewa iliyokufa. Kofia ngumu inunuliwe katika pesa hizohizo, na iwe mpya. Kofia iliyowahi kuanguka haionyeshi jeraha lake kwa nje.

Ukikuta "mpya" ya elfu 18 yenye springi mbili na diski mbili, pita. Ninaelewa kishawishi. Pita.

Naweza kuitumia hiyohiyo kwenda kazini?

Unaweza, na wengi tunafanya hivyo. Tafuta foki yenye swichi ya kuifunga isinese kwenye lami, na ongeza hewa kwenye tairi siku za kazi. Kumbuka barabara ya juu ya Nairobi Expressway hairuhusu baiskeli. Taa ya nyuma iwashwe hata mchana; ukiwa Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni dereva wa matatu anatazama abiria, hakutazami wewe.

Alumini, chuma au kaboni?

Alumini. Chuma ni kitamu kwa mgongo na kinachomeleka, ukikipata. Kaboni ya mtumba usiiguse, kwa sababu ufa wake unaweza kujificha ndani.

Kuna haja ya kununua "ya kike"?

Hapana. Nunua saizi sahihi, kisha badilisha kiti na, ikibidi, usukani mfupi kidogo. Dada ninaoendesha nao Limuru wako kwenye fremu zilezile na wananiacha kwenye mwinuko.

Vipuri gani ninunue siku hiyohiyo?

Kipuri kimoja kinazidi vyote: kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia dereila ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo kati ya gia) kwenye fremu. Kimetengenezwa kivunjike ili fremu isivunjike. Kila modeli ya fremu ina umbo lake, na Nairobi huwezi kutegemea kukipata chako rafu­ni. Agiza mapema, viwili, na kimoja kiishi kwenye begi. Kijiti kimoja cha mkaratusi kikiingia kwenye gia huko Kereita, na huna kipande hicho, utasukuma baiskeli mpaka Kimende.

Halafu tyubu moja, viraka, pampu ya mkono, spana za pembe sita, na kiungo cha haraka cha mnyororo wa idadi ya gia zako. Vinaingia vyote kwenye soksi.

Niioshe wapi? Kuna kaa washi karibu na kwangu.

Usiipeleke huko, isipokuwa umemsihi kijana aweke mkono mbali na ile mashine ya shinikizo. Maji yale yanapenya sili, yanaingia kwenye beringi za habu, shingo na pedali, yanasukuma grisi nje na kuacha kutu. Ndoo, brashi laini na sabuni ya vyombo vinatosha. Kausha mnyororo, tia mafuta yake tone kwa tone kila pingili, kisha pangusa ya ziada. Mafuta yaliyobaki nje yanakusanya vumbi na kuwa msasa. Mafuta yasiifikie diski.

Udongo mweusi wa pamba una kanuni yake. Ukilowa unashika tairi, unashika nyasi na kokoto, unajaa kati ya foki na tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Usilazimishe pedali, hapo ndipo dereila hung'oka. Shuka, ibebe, pitia kwenye nyasi kando. Matope yaache yakauke kabisa kabla ya kuyabomoa. Katika masika, Machi hadi Mei, mimi siendi upande ule kabisa. Hata Karura nasubiri siku mbili baada ya mvua kubwa, maana tairi kwenye njia laini huchimba mfereji na mvua inayofuata huugeuza kuwa korongo.

Nimenunua. Siku ya kwanza niende wapi?

Karura, asubuhi ya siku ya kazi ikiwezekana, lango likifunguliwa. Hakikisha bei za kuingia za siku hiyo na uwe na M-Pesa. Chukua njia pana kwanza, umbali wa kilomita 8 au 10. Shusha kiti sentimita chache kuliko unavyodhani. Kwenye mteremko simama kwenye pedali, magoti yalegee, macho yatazame mita 10 mbele na si tairi. Ukifika kwenye makutano yenye kibao simama, bonyeza foki, shika spoki chache, kaza kilicholegea; baiskeli iliyotoka kwa fundi hulegea kidogo safari ya kwanza. Halafu rudi pale ulipopita vibaya, mzizi ule uliokuogopesha, uupite tena mara tatu.